Lando wa Folda

Awiti wa Omena alifika kijiweni karai la dagaa likiwa bado kichwani, na Awiti akisimama mbele ya benchi bila kutua karai, jua kuna neno.

"Nimepewa notisi!" akasema. "Leo leo! Ati kufikia saa kumi niwe nimetoka!"

Benchi zima likageuka. Kule Silanga, mtaa wa vyumba vya kupanga, neno notisi halitamkwi ovyo. Ukilitamka, watu huanza kuangalia mabati yao. Osewe Besi, mwenye sauti inayotetemesha sufuria, akarudisha mandazi kwenye sahani bila kuyauma. Okello Hansadi, ambaye hajawahi kusahau neno la mtu yeyote tangu azaliwe, akavuta kofia nyuma ili asikie vizuri.

"Nani amekupa?" akauliza Nelima, mama wa chai, birika likiwa limesimama hewani.

"Muulize huyo hapo. Muulize lando, mwenye nyumba wetu!"

Kidole cha Awiti kikaenda moja kwa moja hadi kwa Wanzala, fundi wa viti vya sofa. Wanzala! Mtu anayepanga chumba ambacho akitaka kugeuka inabidi kwanza atoke nje. Naye akainua kikombe akajificha nyuma yake, ingawa kikombe chenyewe kilikuwa kidogo na uso wa Wanzala si mdogo.

"Hata mimi nimepata," akanguruma Osewe, akitoa simu. "Nilidhani ni matapeli. 'Mpangaji wa Namba Moja, unaombwa uondoke na vitu vyako.' Kumbe ni wewe, omera?"

Sasa ngoja nikueleze kabla hujapotea. Nyuma ya kijiwe hicho kuna tajiri mmoja wanayemwita Mzee Geti, kwa sababu akiona nafasi yoyote huiwekea geti. Safari hii alitaka geti lipite pale pale penye jiko la Nelima, na alikuwa amekwenda kortini kusema eti kibanda hicho kimeota mwaka jana kama uyoga. Mwaka jana, jamani! Nelima alianza kuchemsha chai pale akiwa na mimba ya Derrick, na Derrick sasa ana ndevu. Kibanda kikienda, Nelima hana pengine pa kushika.

Mawakili wa bure kule Kawangware wakaichukua kesi. Karani wao, dada anayeitwa Bridgit, akawaambia watu wa benchi watafute picha na video za zamani zinazoonyesha kibanda, waziweke pamoja kwenye folda moja ya mtandaoni, kila mtu apewe njia ya kuingia. Aliyekuwa na simu isiyozimika ovyo ni Wanzala, kwa hivyo yeye ndiye aliyeifungua hiyo folda. Alipomaliza, simu ikamwandikia chini ya jina: *Mmiliki: Wanzala.*

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Wanzala aliusoma mstari huo mpaka bando ikaisha. Akaupiga picha, akaiweka pale mbele ya simu ambapo watu wengine huweka watoto wao.

Haikupita wiki, Osewe akamlilia kwamba simu yake imejaa, video za kwaya hazina pa kukaa. Wanzala akakuna kidevu kama wanavyokuna wenye nyumba, akafungua folda ndogo ndani ya ile kubwa, akaiita Namba Moja. Awiti akapata Namba Mbili, ya picha za omena za kuonyesha wateja. Okello akachukua Namba Tatu, ya sauti za hotuba za kamati zote za mazishi, maana huwa anazirekodi. Renti ilikuwa kumnunulia lando chai kila Jumatatu. Na sheria zilikuwepo: hakuna kuingiza kitu baada ya saa tatu usiku, hakuna kuleta wageni. "Ploti yangu ni ya watu wa heshima," Wanzala alikuwa akisema, mguu juu ya mwingine.

"Haya, tuelezee sasa," Awiti akasema, akitua karai hatimaye. "Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea," Wanzala akasema. "Bridgit amenipigia asubuhi. Wamenunua sistim mpya ya kesi. Saa kumi leo inavuta folda yote mara moja, kila kitu kilicho ndani kinaingia kwa faili ya Nelima. Ikishaingia, inaenda kwa hakimu na kwa wakili wa Mzee Geti. Kesho ndiyo kesi. Ati tutoe vitu zote hazihusu kibanda. Sasa hakimu afungue akutane na omena?"

"Omena yangu iko na makosa gani?"

"Haina makosa, mathe. Haina kesi."

"Notisi ni mwezi mmoja," akasema Okello Hansadi, akifumba macho kama anayesoma ndani ya kichwa chake. "Wewe mwenyewe ulisema, Jumanne ya wiki iliyopita, umekaa hapo hapo, unakula mandazi yangu: 'Mtu akifukuza maskini siku hiyo hiyo, huyo si mtu, ni fisi.' Mwisho wa kunukuu."

"Nilikuwa naongelea Mzee Geti!"

"Hukutaja jina. Ulisema 'mtu'."

"Na mimi nimefanya maendeleo kwa hiyo rumu," Osewe akaongeza. "Nimepanga nyimbo. Za Pasaka kando, za mazishi kando, za kuchangisha kando. Niliingia ikiwa tupu kabisa! Nani atanilipa fidia?"

"Si utoe tu uweke kwa simu yako?"

"Simu imejaa! Kwani ningepanga kwako kama niko na kwangu?"

"Mimi nimelipa mpaka mwisho wa mwezi," Awiti akasema. "Ile chai ulikunywa, rudisha."

"Chai inarudishwa aje sasa?"

"Utajua wewe. Ulipokuwa unameza hukuniuliza."

Osewe akapiga paja. "Twende korti. Si kuna wale mawakili wa bure wa Kawangware? Kazi yao ni kutetea watu wasifurushwe. Sisi hapa tunafurushwa."

"Hao ndio wanataka mtoke!" Wanzala akapayuka.

"Basi watajitetea dhidi yao wenyewe. Wamesomea."

"Itaitwa Osewe na Wenzake dhidi ya Wanzala," Okello akasema. "Na tutaomba oda ya kuzuia."

Nisikufiche, Wanzala alisikia raha kidogo. Jina lake kusimama peke yake upande mmoja wa kesi, na upande wa pili watu watatu wakimlilia! Baba yake alikufa akiwa mpangaji, babu yake alikuja mjini akawa mpangaji. Akajikohoza, akanyoosha mgongo.

"Nendeni mkashtaki," akasema. "Lakini kufikia saa kumi nataka rumu zangu. Mkikataa naleta vijana."

"Vijana wa wapi?"

"Wa... wa mtandao."

Benchi likaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Hapo ndipo Wanzala alipogundua kuna mtu mmoja hacheki. Nelima alikuwa akifuta kikombe kile kile alichokuwa akikifuta tangu ubishi uanze. Raha yote ikamtoka Wanzala, na kabla hajajua aseme nini, simu yake ikalia. Bridgit. Akaiweka sauti wazi, kila mtu asikie.

"Wanzala, sasa. Tuko na shida," Bridgit akasema. "Nimejaribu sistim. Inaiona folda lakini haivuti."

"Aje haivuti?"

"Inachukua tu vitu vya mwenye kesi, na mwenye kesi ni Nelima. Hiyo folda ni yako, Nelima umemfungulia tu mlango. Sistim inakataa mali ya watu. Sasa hamisha umiliki, iwe ya Nelima, kabla saa kumi."

Benchi zima likaisogelea simu. Hata jiko likaacha kuvuma.

"Nihamishe nini?"

"Umiliki. Ni kubonyeza tu."

Ungesikia benchi! Wale wale waliokuwa wakimtoa lando roho wakamzunguka kama walinzi wake.

"Usibonyeze!" Okello akafoka. "Mjomba wangu kule Sarang'ombe aliambiwa ni kuweka tu kidole. Nanukuu: 'Mzee, weka tu kidole hapa.' Alipoinua kidole nyumba haikuwa yake!"

"Na sisi wapangaji?" Osewe akauliza. "Lando mpya akiingia, kitu ya kwanza ni kupandisha renti. Huyu wa zamani ni mnyama lakini tumeshamzoea."

"Jamani ni folda!" Bridgit akalia kule ndani ya simu.

"Dada, hata wewe unapanga," Awiti akamjibu. "Nyamaza kwanza."

Wanzala alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Aliposema, hakumwangalia mtu.

"Bridgit, wewe unaona ni kubonyeza. Mimi kitanda nalalia ni cha lando. Choo ni ya ploti. Hata msumari niligonga kwa ukuta niliambiwa nikihama niuache. Nimetengenezea watu viti mtaa mzima na kwangu nakalia ndoo. Hapa tu, hii laini moja tu, ndiyo nimewahi kuandikwa mwenyewe wa kitu. Na hata hii mnaitaka."

Osewe akainamisha kichwa.

Nelima akaweka kikombe chini. Akatoka nyuma ya birika, akakaa kwenye ukingo wa benchi, jambo ambalo hakuwa akilifanya wateja wakiwepo.

"Wanzala," akasema. "Naogopa. Tangu Mzee Geti alete ile karatasi silali. Sijawaambia kwa sababu mkija hapa mnacheka, na nikiwaona mnacheka nasahau. Lakini kesho wakisema kibanda kitoke, wewe utakuwa lando wa nini? Wa picha za kibanda hakipo. Na hiyo renti yako ya chai, utakunywa kwa nani?"

Wanzala akatazama kikombe chake. Hilo la mwisho hakuwa amelifikiria hata siku moja.

"Haya," akasema. "Nahamisha."

"Lakini si hivi hivi!" Okello akaruka. "Mali haihamishwi kiholela. Mashahidi wako wapi?"

Na hapo, msomaji, Kawangware na Silanga zikapishana kabisa. Maana Silanga chumba kikibadilisha mkono hakuna hati, kuna majirani. Majirani wawili wanasimama, mipaka inatajwa, soda inafunguliwa, mtu anaomba. Usipofanya hivyo, kesho atatokea mtu aseme hakuona. Bridgit akapiga kelele kwamba sistim haitaki mashahidi. Okello akamwambia ya sistim ni yao, hii ni ya kwetu.

Soda moja ikaletwa, ikagawanywa kwa vikombe vya chai. Awiti akasimama kulia, Osewe kushoto.

"Taja mipaka," Okello akaamuru.

"Mipaka ya folda?"

"Taja. Upande wa juu unapakana na nini?"

Wanzala akaangalia simu. "Na picha za WhatsApp."

"Wa chini?"

"Na... na kitu kimeandikwa takataka."

"Mto unapita hapo?"

"Sioni mto."

"Nelima, umeona mipaka umeridhika?"

"Nimeridhika, fanyeni haraka!"

"Saa kumi imefika!" Bridgit akalia.

Lakini Osewe alikuwa ameshafumba macho, na Osewe akifumba macho hufungua ya roho. Akaiombea ploti, akamwombea lando anayetoka na lando anayeingia, akamwombea na Mzee Geti apate geti la mbinguni, akaingia kwa wajane na mayatima. Akiwa bado kwa mayatima, Wanzala akabonyeza. Simu ya Nelima ikalia. Nelima akakubali kwa kidole chenye majivu, na maandishi yakabadilika: *Mmiliki: Nelima.*

"Amina!" wakasema wote, ijapokuwa Osewe hakuwa amemaliza.

"Inavuta!" Bridgit akasema. "Inavuta... imevuta. Vyote. Imeshatuma na kwa wakili wa upande ule. Aki asanteni."

"Vyote?" Wanzala akauliza taratibu.

Wakatazamana. Kwa ajili ya mashahidi na mipaka na soda, hakuna aliyekumbuka wapangaji. Walikuwa bado ndani.

"Ngoja," Bridgit akasema. "Wanzala? Kuna kwaya hapa. Kuna... hii ni omena?"

Nelima alikunja kitambaa chake mara mbili, akaanza kufunga kabla ya wakati. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyedai chenji ya soda.

*

Asubuhi walirudi wote bila kuitana. Siku hizi kesi ndogo kama hiyo husikizwa kwa simu, kwa hivyo korti ilikuja kijiweni: simu ya Nelima ikaegemezwa kwenye mkebe wa sukari, na hakimu akatokea, mama mmoja wa miwani, mdogo kama stempu. Osewe alikuwa amevaa joho la kwaya kwa heshima. Awiti alikuwa ameacha karai nyumbani. Wanzala alisimama nyuma ya wote, akitamani ardhi ifunguke, yaani afurushwe hata na dunia.

Wakili wa Mzee Geti akaanza kwa kicheko. "Mheshimiwa, huu ni mzaha. Tumetumiwa takataka. Naomba kuonyesha korti. Kielelezo cha kumi na moja, mheshimiwa, ni omena. Kwenye karai. Omena!"

"Naona," akasema hakimu. "Picha ni ya lini?"

"Tarehe iko hapa chini... ni ya miaka tisa iliyopita, mheshimiwa."

"Na hilo karai limewekwa juu ya nini?"

"Juu ya meza."

"Meza ya nani? Kuna maandishi."

Wakili akasogeza uso karibu. "Yanasema... Nelima Chai Moto." Akafungua haraka kitu kingine. "Lakini hebu tuone hiki, mheshimiwa. Kwaya! Watu wazima wanaimba wimbo wa mazishi, beti kumi na mbili. Hii inahusu nini?"

Sauti ya Osewe ikajaa mtaani kutoka penye mkebe wa sukari. Osewe mwenye joho akaanza kujisindikiza, Awiti akamkanyaga mguu.

"Wakili, simamisha hapo," hakimu akasema. "Nyuma ya waimbaji kuna nini?"

"Moshi, mheshimiwa."

"Wa nini?"

Wakili akaanza kupekua karatasi zake.

"Naona birika," hakimu akasema. "Naona kibanda. Naona pia mtoto anapita bila suruali. Huyo ni nani?"

"Ni Derrick wangu, mheshimiwa," Nelima akasema. "Sasa ana ndevu."

Nyuma ya kibanda kitu kikaanguka. Derrick alikuwa amepita kuchukua chai saa ya mapumziko ya shule, na wanafunzi wenzake wawili walikuwa naye.

Hakimu akakohoa, akauficha mdomo. "Kuna mengine, wakili? Naona hapa hotuba za kamati za mazishi. Ya kwanza inaanza, 'Tumekutana leo hapa kwa Mama Derrick, mahali tunapokutana siku zote.' Hii nayo ni ya kabla ya omena."

"Mwisho wa kunukuu," Okello akanong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Na nani mmiliki wa hizi picha zote?" hakimu akauliza.

Benchi likafunguka katikati. Wanzala akavua kofia.

"Nilikuwa mimi, mheshimiwa. Mpaka jana saa kumi."

"Na sasa?"

"Sasa ni mama wa chai."

Hakimu akaandika. Kisha akasema kibanda kisiguswe na mtu yeyote, wala geti wala msumari, mpaka kesi iamuliwe. Kila mtu abaki alipo.

Sitajaribu kukuelezea kelele. Awiti alipiga vigelegele mpaka kuku wa Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani, wakajibu. Nelima aliweka kichwa juu ya meza, akalia waziwazi, kisha akainuka akaongeza maji kwenye chai.

"Mmesikia oda?" Osewe akanguruma. "Kila mtu abaki alipo! Mimi Namba Moja sitoki. Nimelindwa na korti."

"Na mimi Namba Mbili!"

"Tatu," akasema Okello.

Wanzala naye akataka kuingia kidogo, kuangalia tu ile iliyokuwa yake. Akafungua simu. Ikamwandikia: *Huna ruhusa. Omba kwa mmiliki.* Hakujua wakati wa haraka za jana alikuwa amejitoa kabisa, na mlango akaufunga mwenyewe nyuma yake. Akatazama huku na huku, akabonyeza omba.

Simu ya Nelima ikalia kwenye mkebe wa sukari. Akafuta mikono, akaisoma.

"Kuna mtu anaomba rumu," akatangaza. "Anaitwa Wanzala."

"Anafanya kazi gani?" Okello akauliza.

"Fundi wa viti."

"Tabia?"

"Alikuwa lando," Awiti akasema. "Hao ni wasumbufu sana wakipanga."

"Nitamchukua," Nelima akasema. "Lakini ploti yangu ni ya watu wa heshima. Hakuna kuingiza kitu baada ya saa tatu. Hakuna wageni. Na renti ni kuosha vikombe kila Jumatatu."

"Lakini leo ni Alhamisi, Mama Derrick," Wanzala akasema.

Nelima akamsukumia karai lililojaa vikombe vya watu waliosherehekea asubuhi nzima.

"Depositi," akasema.